MCHAWI KATIKA PICHA NA JIRANI KATIKA KIJIJI

Somo la mwezi kwa vikundi vya Biblia

Masomo ya kusoma kwanza: 1 Samweli 28:3-25, Luka 13:1-5, Yohana 9:1-3, Matendo 19:11-20.



Mwezi huu tunaleta somo ambalo huenda wengine wataliona geni. Tutaanza na picha zilizochorwa Ulaya yapata miaka 400 iliyopita, kisha tutarudi nyumbani kwetu Karagwe na Kyerwa, katika vibanja vyetu na mabaraza yetu. Tunaomba msomaji asichoke njiani. Mwalimu mzuri huanza na kitu cha kuonekana kwa macho, ndipo aingie katika jambo la moyoni.

1. Tulivyozikuta picha hizi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulipokuwa wanachuo katika chuo cha ualimu, maktaba ilikuwa na kitabu kikubwa cha sanaa, kizito, jalada lake limechakaa. Siku moja mkufunzi alikifungua mbele yetu akatuonyesha picha ya usiku. Katikati ya picha ulisimama mti uliokauka, na juu ya mti alining'inia mtu aliyenyongwa. Chini yake walikuwapo wanawake wazee, nywele timutimu, wakitenda mambo ya kutisha. Mmoja alikuwa akimkata maiti kucha za miguu. Kando, mifupa ya mtu ilikuwa imetolewa jenezani, ikashikizwa kalamu ili iandike. Mwingine alikuwa na sanamu ndogo ya nta na kioo.

Darasa zima lilinyamaza. Sisi tuliozaliwa vijijini tulijua wazi tunaangalia nini, ingawa mchoraji hakuwahi kukanyaga Afrika. Mkufunzi aliuliza, "Mchoraji huyu aliyaona wapi mambo haya?" Hatukujibu. Alifunga kitabu, kengele ikalia. Swali lile tumetembea nalo zaidi ya miaka 40, na mwaka huu mjukuu alipotuonyesha picha ileile katika simu yake, tuliona umefika wakati wa kulijibu.

2. Picha za zama za Baroki

Picha ile ni ya Salvator Rosa, mchoraji aliyezaliwa Naples, Italia, mwaka 1615, akafa Roma mwaka 1673. Aliichora yapata mwaka 1646, alipokuwa akifanya kazi katika mji wa Florence. Leo imo katika jumba la sanaa la taifa huko London.

Wakati ule wataalamu huuita zama za Baroki, yaani tangu yapata mwaka 1600 hadi 1750. Wachoraji wa zama hizo walipenda giza nene lililopasuliwa na mwanga mkali, watu walio katika mwendo, na nyuso zenye hofu, machozi au furaha kuu. Wengi walichora habari za Biblia kwa ajili ya makanisa. Lakini wengine walichora uchawi, na picha zao zilipata wanunuzi. Huko Antwerp, Frans Francken, mwana wa mchoraji mwenye jina hilohilo, alichora mikutano ya wachawi mara kadhaa. Moja ya picha hizo, ya mwaka 1607, imo Vienna. Imejaa wanawake, wazee kwa vijana, wengine katika nguo za fahari, pamoja na vitabu, mafuvu ya vichwa na chungu kilichotelekwa motoni. David Teniers, naye wa Antwerp, alifuata njia hiyo.

Picha hizi zilinunuliwa na matajiri na wasomi. Walizitundika katika nyumba zao, wakawaonyesha wageni baada ya chakula. Kwao ulikuwa ni mchezo wa kusisimua, kama vile leo vijana wetu wanavyokusanyika kutazama filamu za Nigeria au za Dar es Salaam ambamo mchawi hupaa usiku na kucheka. Tusidhani basi kwamba picha za wachawi zimekwisha. Zimehama kutoka ukutani zikaingia katika televisheni na simu.

3. Mchawi wa picha ni nani?

Hebu tuziangalie picha hizo kwa makini, kama mwalimu anavyosahihisha daftari.

Kwanza, karibu kila mara mchawi ni mwanamke, na mara nyingi ni mwanamke mzee, maskini, mwenye mwili uliokonda. Hana mume karibu yake, wala mtoto wa kumtetea.

Pili, tazama vyombo vyake. Ana chungu, kinu, moto wa kupikia, majani ya dawa. Wazungu walisema mchawi husafiri angani kwa ufagio. Watu wa kwetu husema husafiri kwa ungo. Ufagio na ungo vyote viwili ni vyombo vya mwanamke wa nyumbani! Mbona mchawi hapai angani kwa shoka la mpasua mbao, au kwa kiti cha mwenyekiti wa baraza? Jibu ni kwamba waliosimulia habari hizi walikuwa wamekwisha kuamua ni nani wa kumwogopa. Wakachukua vitu anavyovishika kila siku, wakavigeuza kuwa silaha.

Tatu, ambalo ndilo jibu la swali la mkufunzi wetu: mchoraji hakuyaona mambo hayo popote. Aliyatoa katika mashairi ya Warumi wa kale, katika picha za waliomtangulia, na katika vitabu vya watu waliowasaka wachawi. Kitabu kimoja cha namna hiyo kilichapwa Ujerumani mwaka 1486, kikiandikwa na mtawa Heinrich Kramer. Kitabu kilisema, waamuzi wakawatesa watu mpaka wakakiri kile kitabu kilichosema, na maungamo yao yakaandikwa katika vitabu vipya. Mchoraji naye akachora. Mtu aliyeona picha alisema, "Kumbe ni kweli." Hivyo uongo ulizunguka ukarudi ulikotoka, ukionekana kama ushahidi.

Wazee wetu wa Karagwe hawakuchora kwa rangi juu ya kitambaa. Walikuwa wafua chuma. Stanley alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1876, miongoni mwa hazina alizozieleza zilikuwamo sanamu za ng'ombe. Walitengeneza kile walichokijua na kukipenda. Na huko pwani, mchongaji na mchoraji George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufa mwaka 2005, alitengeneza mashetani yenye masikio makubwa yanayocheka na kucheza ngoma. Mtazamaji wa kazi zake hucheka pamoja nao, na akirudi nyumbani hamtazami bibi kizee wa jirani kwa jicho baya. Twaona basi kwamba sanaa yaweza kulichukua jambo la kuogofya bila kumwonyeshea jirani kidole.

4. Nje ya picha moto ulikuwa wa kweli

Wakati matajiri wakiburudika na picha, maskini walichomwa. Wanahistoria hukadiria kwamba tangu karne ya 15 hadi ya 18 waliuawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi watu kati ya 40,000 na 60,000. Yapata robo tatu yao walikuwa wanawake. Waliohukumu walikuwa Wakristo, Wakatoliki na Waprotestanti pia, nao walishika Biblia mikononi.

Tutoe mfano mmoja. Mwishoni mwa Mei 1626, katika nchi ya Franken huko Ujerumani, ilianguka baridi kali isiyo ya majira yake. Mizabibu ikafa kwa usiku mmoja, na nafaka zikaharibika. Njaa ikaja. Watu wakauliza, "Ni nani aliyetufanyia hivi?" Hawakuuliza ni nini, waliuliza ni nani. Katika miji ya Bamberg na Würzburg mahabusu zikajaa, na mamia ya watu wakateketezwa katika miaka michache iliyofuata.

Mwaka 1628 alikamatwa hata meya wa Bamberg, Johannes Junius. Aliteswa mpaka akakiri. Kabla ya kuuawa alimwandikia binti yake Veronica barua kwa mikono iliyoharibiwa na mateso, akamweleza kwamba yote aliyoyakiri ni uongo, na kwamba aliyasema kwa sababu mateso yalimshinda. Barua hiyo imehifadhiwa hata leo.

Mwaka 1631 padre mmoja, Friedrich Spee, alitoa kitabu bila kuandika jina lake, maana alihofia maisha yake. Alikuwa amewaungamisha watu waliohukumiwa kufa. Alieleza jinsi mtuhumiwa asivyoweza kushinda. Akiwa na tabia mbaya, husema, "Tazama, ni mchawi." Akiwa na tabia njema, husema, "Wachawi hujificha katika wema." Akiogopa, ni dalili. Asipoogopa, nayo ni dalili. Ndugu wasomaji, maneno haya tuyakumbuke, kwa maana tutayarudia.

Kwa upande wa Kanisa letu la Anglikana, mwaka 1718 kasisi Francis Hutchinson, aliyehudumu Bury St Edmunds, mji ulioshuhudia hukumu nyingi za namna hiyo, alichapisha kitabu cha kupinga mashtaka ya uchawi. Alikuwa amekwenda kumwona mwanamke mmoja, Jane Wenham, aliyehukumiwa kufa mwaka 1712 na kusamehewa. Baadaye Hutchinson akawa askofu huko Ireland. Na mwaka 1736 sheria ya Uingereza iliacha kabisa kumhukumu mtu kuwa mchawi. Tangu hapo ilimwadhibu yule anayejidai kuwa na nguvu hizo.

5. Mwanamke wa Endori

Sasa tufungue 1 Samweli 28. Mfalme Sauli aliwafukuza wenye pepo wa utambuzi katika nchi. Lakini alipoliona jeshi la Wafilisti aliogopa, akajigeuza kwa mavazi mengine, akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori.

Salvator Rosa aliichora habari hii mwaka 1668, na picha hiyo iko Paris. Samweli amesimama katika sanda nyeupe. Sauli ameanguka kifudifudi. Mwanamke ni wa kutisha, nywele zake zimesimama, anatia kitu katika moto, na nyuma yake yametokea majitu ya mifupa.

Hebu sasa linganisheni picha na Maandiko. Je, Biblia inasema mwanamke yule alikuwa mzee? Haisemi. Inasema alikuwa na sura ya kutisha? Haisemi. Inasema alikuwa amemdhuru mtu yeyote? Haisemi. Inasema kwamba aliogopa kuuawa, na kwamba alipomwona mfalme hana nguvu, hajala mchana wala usiku, alimsihi ale. Alikuwa na ndama mmoja aliyenona nyumbani, akamchinja. Akachukua unga, akaukanda, akaoka mikate. Mistari ya mwisho ya sura hii ni habari ya mwanamke anayempikia mtu aliyekata tamaa. Mchoraji mikate hakuichora.

Hatusemi kwamba kazi ya mwanamke yule ilikuwa njema. Torati inaikataza wazi katika Kumbukumbu la Torati 18. Tunasema hivi: tazama Maandiko yanamhukumu nani. Ukisoma 1 Nyakati 10:13 utaona kwamba anayetajwa kufa kwa sababu ya jambo hili ni Sauli, mteja, aliyekwenda kuuliza. Bila mteja hakuna ramli. Mpiga ramli hustawi kwa sababu sisi, baada ya Ibada ya Jumapili, twajigeuza kwa mavazi mengine na kwenda usiku.

6. Kwetu Kagera

Ndugu, mkoa wetu umepata mapigo mengi, na kila pigo lilipokuja tuliuliza lile swali la watu wa Bamberg.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa hapa Kagera. Kabla ya hapo watu walikonda na kufa bila kujua sababu. Ugonjwa ukaitwa "Juliana," kwa jina la nguo za biashara zilizokuwa zikivushwa kwa magendo kutoka Uganda. Wengi walisema ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa mpakani. Wakati sisi tunamtafuta mchawi, virusi viliendelea kuingia nyumba hata nyumba. Muda tulioupoteza katika kutafuta mtu wa kulaumu, wengine waliulipa kwa uhai wao.

Machi 2023 ugonjwa usiojulikana uliua watu katika wilaya ya Bukoba Vijijini. Wataalamu walipopima waligundua ni virusi vya Marburg. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6. Januari 2025 ugonjwa huohuo ulitangazwa Biharamulo. Mara zote mbili ulidhibitiwa kwa kuwatenga wagonjwa, kunawa mikono, na kuwafuatilia waliokutana nao, mpaka ukatangazwa kwisha. Haukudhibitiwa kwa ramli.

Nao mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006. Kila mtu wa Karagwe na Kyerwa aliye na umri wa kutosha anaujua. Majani hugeuka manjano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati wake, ukizikata ndani zimeoza, na shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Ni ugonjwa wa bakteria. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na machipukizi yenye ugonjwa, na zaidi sana huenezwa na panga letu wenyewe, linalokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Dawa yake ni kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda bila kutumia panga, kung'oa migomba iliyougua, na kupitisha vyombo katika moto kabla ya kwenda mgomba mwingine.

Tulimtafuta aliyeloga kibanja, kumbe aliyekipeleka kifo toka mgomba hadi mgomba ni panga lililokuwa mkononi mwetu.

7. Kosa letu

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo hatukupenda kulisema.

Miaka michache baada ya 2006 tulikuwa tukifundisha katika kijiji kimoja cha huku kwetu. Alikuwapo mama mmoja mjane, mzee, hodari wa kusuka mikeka. Macho yake yalikuwa mekundu. Sote tuliojua jiko lake tulijua sababu: lilikuwa dogo, halina dirisha, na alipikia kuni mbichi. Kibanja cha jirani yake kiliponyauka, watu wakaanza kunong'ona. Mwingine alikwenda kwa mpiga ramli, akarudi na maelezo yanayomfaa bibi yule bila kutaja jina. Ndiyo ile inayoitwa ramli chonganishi.

Ukaitishwa mkutano. Mtu mmoja alisimama akasema kwamba hata migomba ya yule mama imekufa, sasa amejiloga mwenyewe? Akajibiwa, "Amefanya hivyo ili ajifiche." Tazameni, ni yaleyale aliyoyaandika Friedrich Spee mwaka 1631! Akilia, ni mchawi. Asipolia, ni mchawi. Migomba yake ikistawi, ameiba rutuba yetu, ikifa, anajificha.

Kisha wakatugeukia sisi. Wakasema, "Mwalimu, wewe umesoma, unasemaje?" Ndugu, tulikuwa na cheti ukutani. Tulikuwa tumesoma sayansi na Biblia. Tulikuwa tumeona picha ya Salvator Rosa na kuulizwa mchoraji aliyaona wapi mambo yale. Tukasema, "Kila mtu ana haki ya kutoa maoni yake," tukaketi.

Usiku wa siku ya tatu jiko la yule mama lilichomwa moto. Yeye hakudhurika, Mungu ashukuriwe. Lakini kulipopambazuka alifunga mikeka yake, akaenda kwa ndugu yake mbali na pale, asirudi tena. Baada ya muda Bwana Shamba alikuja akatufundisha habari za ua dume na panga. Watu wakatikisa vichwa, wakaenda kupitisha mapanga katika moto. Hakuna aliyemtaja yule mama.

Ilituchukua mwaka mzima kupata ujasiri wa kwenda kumwona. Tulimkuta ameketi nje ya nyumba ya ndugu yake. Alituona, akainuka, akaingia ndani, akatuletea ndizi na maharage kabla hatujasema lililotupeleka. Tulikula kwanza, maana hatukuweza kukataa. Kisha tukaomba msamaha. Alisema, "Mwalimu, mimi sikuwangoja wale wengine waseme. Nilikuwa nakungoja wewe." Hakusema zaidi. Alifariki miaka miwili baadaye.

Tumeandika habari hii kwa sababu msomaji aweza kudhani kwamba wenye kosa katika mambo haya ni wale wanaoshika mwenge tu. Sivyo. Wanaoshika mwenge ni wachache. Wanaonyamaza ni wengi, na mara nyingi ndio wanaoaminiwa.

Wala jambo hili si dogo katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Walio wengi walikuwa wanawake, na mauaji mengi yalitokea katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambako macho mekundu ya kina bibi, yaliyotokana na moshi wa jikoni, yalihesabiwa kuwa alama ya mchawi. Baadaye tukaona na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, mpaka Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015. Shina ni lilelile: mganga wa uongo, mteja mwenye hofu au tamaa, na jirani anayenyamaza.

8. Biblia inatufundisha nini?

Wengine watauliza, "Je, mnasema hakuna uovu? Mbona Kutoka 22:18 inaamuru mchawi asiachwe hai?" Ni swali la haki, tulijibu.

(a) Uovu upo. Wapo watu wenye chuki, wapo wanaotia sumu, wapo wanaouza hofu kwa fedha. Mkristo hana ruhusa ya kushiriki katika mambo hayo.

(b) Mstari wa Kutoka ndio uliotumiwa na waamuzi wa Ulaya. Lakini Torati hiyohiyo, katika Kumbukumbu la Torati 17:6 na 19:15-19, inadai mashahidi wawili au watatu, na inamtaka shahidi wa uongo apate adhabu ileile aliyokusudia kumpatia mwenzake. Kama sheria hiyo ingefuatwa, ni nani angethubutu kunong'ona? Nayo amri ya tisa inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Kumwita mtu mchawi bila ushahidi ni kuivunja.

(c) Katika Luka 13 Bwana Yesu alizungumza habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Hakumtafuta aliyewaroga, wala hakusema walikuwa na dhambi kuliko wengine. Aliwageuzia wasikilizaji wake neno la toba. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Bwana alilikataa swali, kisha akamponya mtu. Tofauti ni kubwa kati ya kumtafuta wa kulaumu na kumtafuta wa kusaidia.

(d) Katika Matendo 19, watu wa Efeso waliotumia mambo ya uganga walileta vitabu vyao wenyewe, kwa hiari yao, wakavichoma. Thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Efeso walichoma vitabu. Bamberg walichoma watu. Kanisa la kweli linajulikana kwa kile linachokitia motoni.

9. Tufanye nini?

Tusilifunge somo hili kama mkufunzi alivyofunga kitabu. Yapo mambo tunayoweza kuyaanza mwezi huu, tangu Kayanga hadi Murongo, tangu Nyaishozi hadi Kaisho.

Kwanza, kina mama na vijana wa parokia wahesabu wajane na wazee wanaoishi peke yao. Kila mmoja apangiwe familia ya kumtembelea, na iwe inajulikana kijijini kwamba anatembelewa. Mzee mwenye wageni si rahisi kusingiziwa.

Pili, tuwajengee majiko yenye dirisha au bomba la moshi, na wenye macho mekundu tuwapeleke zahanati. Kazi hii haihitaji mfadhili. Yahitaji udongo, miti na siku moja.

Tatu, ugonjwa ukija kwa watu, mifugo au migomba, swali letu la kwanza liwe "Ni nini?" na twende kwa mganga wa hospitali au Bwana Shamba kabla minong'ono haijaanza.

Nne, wazazi wakae na watoto wanapotazama filamu za wachawi, wawaulize swali la mkufunzi wetu: aliyetengeneza filamu hii aliyaona wapi mambo haya?

Tano, na hili ni kwetu sisi walimu, makatekista, wazee wa kanisa na viongozi: tukiulizwa katika mkutano, tusimame na tusiketi mpaka tumesema.

Maswali ya kujadili

1. Taja vyombo vitatu vinavyohusishwa na mchawi katika hadithi za kwetu. Ni nani anayevitumia kila siku, na kwa kazi gani?

2. Soma tena 1 Samweli 28:20-25. Kama ungekuwa mchoraji, ungechora sehemu gani ya habari hii, na kwa nini?

3. Mnyauko ulipoingia kijijini kwenu, watu walisema nini? Je, yupo aliyelaumiwa? Yuko wapi leo?

4. Je, yupo mtu katika mtaa wenu anayengoja wewe useme?

Swali la nne lisijibiwe kikundini. Kila mmoja aende nalo nyumbani, na akipata jibu, aende kwa mtu huyo mapema wakati angali hai. Sisi tulichelewa mwaka mzima.

Wenu katika kazi ya Bwana,
Mwalimu mstaafu